Kutafuta Ubovu wa Mashine Kuukuu za Michezo ya Video Kabla ya Kuziuza, Kuzigawa au Kuzitupa

Mtu anayefungua maboksi ya mashine za michezo ya video zilizokaa stoo miaka kumi na zaidi huwa na haraka ya jambo moja tu, nalo ni kuchomeka waya aone ipi ingali hai. Haraka hiyo huua mashine ambazo uzee ulikuwa umeziacha salama. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mkusanyo wa aina hiyo, awe ameurithi au ameukusanya mwenyewe, anayetaka kujua kipi kinatengenezeka, kipi kiuzwe kama kilivyo na kipi kipelekwe kwa wachakataji wa taka za umeme. Kanuni inayouongoza ni kwamba ubovu hutafutwa kuanzia nje kwenda ndani: adapta kwanza, kisha nyaya na televisheni, kisha kaseti au diski, na bodi ya ndani mwisho kabisa, kwa sababu mashine nyingi zinazoitwa mbovu hazina kasoro yoyote kwenye chipu zake.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Inatosha kuwa na mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu ambacho joto lake linaweza kurekebishwa, spiriti ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, vijiti vya pamba, mswaki uliokwisha kutumika, na bisibisi za pekee. Bisibisi hizo ni za lazima, kwa kuwa kaseti nyingi za Nintendo zimefungwa kwa skrubu ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki: kaseti hutaka bisibisi yenye mdomo wa tundu wa milimita 3.8, na mashine kama Super Nintendo, Nintendo 64 na GameCube hutaka ya milimita 4.5. Wapo wanaoyeyusha mrija wa kalamu juu ya skrubu ili upate umbo lake, lakini mrija huo hulegea baada ya skrubu mbili tatu na mara nyingi huacha plastiki ndani ya tundu, kwa hiyo sioni sababu ya kuhangaika nao.

Kabla ya kuwasha chochote

Fungua kila sehemu ya betri, kwenye mashine za mkononi, kwenye rimoti na kwenye pedi zisizo na waya, na utoe kilichomo. Betri za alkali zilizosahauliwa huvuja hidroksidi ya potasiamu, ambayo hukauka na kuwa unga mweupe au wa kijani juu ya springi na kuendelea kula shaba kidogo kidogo. Unga huo haufutwi kwa maji matupu. Chovya kijiti cha pamba katika siki nyeupe, gusa sehemu iliyoathirika mpaka povu likome, kisha futa kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Springi iliyokwisha kuwa nyeusi na kumeguka ibadilishwe, ila ile iliyobadilika rangi tu huendelea kufanya kazi ikikwanguliwa kwa upole.

Baada ya betri zinafuata adapta, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiruke hata mstari mmoja. Mashine za miaka ya 1980 na 1990 zilitumia plagi zinazofanana kwa umbo lakini zisizofanana kwa umeme. Adapta ya NES, mashine ya kaseti ya Nintendo, hutoa volti 9 za mkondo geu, ule unaoandikwa AC kwenye kibandiko, kwa sababu NES yenyewe ina vipande vya ndani vya kuubadili mkondo huo uwe mnyoofu. Famicom, ndugu yake wa Japani aliyetoka mwaka 1983, haina vipande hivyo. Inategemea adapta yake ilete mkondo mnyoofu wa volti 10. Plagi ya NES huingia kwenye tundu la Famicom bila kipingamizi chochote, na matokeo yake ni kuvimba au kupasuka kwa kapasita, yaani kipande cha bodi kinachotunza umeme kwa muda. Mega Drive ya kwanza, ya Sega, inataka hasi katikati ya plagi na chanya nje, ilhali Mega Drive ya pili inataka chanya katikati. Mimi mwenyewe niliwahi kuchomeka adapta kwa kuamini kwamba iliyoingia bila kulazimishwa ndiyo yenyewe. Moshi ulitoka kabla sijauondoa mkono kwenye swichi, na tangu siku hiyo siamini plagi, naamini kibandiko. Soma volti, ampea, aina ya mkondo na mchoro wa chanya na hasi, ulinganishe na maandishi yaliyo nyuma au chini ya mashine. Ampea za adapta zikizidi zile zinazotajwa na mashine hakuna ubaya, lakini volti na upande wa chanya lazima vilingane.

Mashine zenye pawa saplai ndani, kama vile PlayStation ya kwanza, pamoja na Saturn na Dreamcast za Sega, zina mtego wa namna nyingine. Zile zilizouzwa Japani zilitengenezwa kwa umeme wa volti 100 na za Marekani kwa volti 120. Ukiichomeka mojawapo kwenye ukuta wenye volti 230 bila transfoma, itakufa papo hapo, na bahati yako itakuwa kubwa ikiwa kilichokatika ni fyuzi peke yake.

Dalili: mashine haiwaki kabisa, hata taa

Pima adapta ikiwa haijachomekwa kwenye mashine. Adapta nzito za zamani, zenye transfoma ndani, husoma volti nyingi kuliko zilizoandikwa zisipobeba mzigo, hivyo usishtuke adapta ya volti 9 ikisoma 12 au 13. Ikisoma sifuri, pinda waya taratibu karibu na plagi huku ukitazama mita. Namba zikicheza, waya umekatikia hapo, mahali ambapo mwenye nao amekuwa akiukunja kwa miaka.

Adapta ikiwa nzima, angalia tundu la umeme kwenye mashine. Tundu hilo huchomekwa na kuchomolewa mara elfu, na lehemu inayolishika kwenye bodi hupasuka duara dogo ambalo huonekana kwa kioo cha kukuzia. Kuyeyusha upya lehemu hiyo na kuongeza kidogo ni kazi ya dakika tano. Kisha pima fyuzi. Super Nintendo, kwa mfano, ina fyuzi ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi, inayofanana na kipinzani (rezista), na ikikatika mashine hukaa kimya kana kwamba haijawahi kuwa hai. Mita ikiwekwa kwenye mlio wa kupima mwendelezo, fyuzi nzima hulia na iliyokatika hunyamaza. Usiiruke fyuzi kwa kipande cha waya, kwa kuwa ilikatika kwa sababu, na sababu hiyo huenda ingali ndani.

Hatua inayofuata, kwenye mashine nyingi za kaseti, ni kidhibiti volti kinachoitwa 7805, kipande chenye miguu mitatu kilichofungwa kwenye bati la kupooza joto. Kazi yake ni kupokea volti 9 au 10 na kutoa volti 5. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye mguu wa katikati, na nyekundu kwenye mguu wa kuingilia kisha wa kutokea. Umeme ukiingia na usitoke, na kipande kikabaki baridi, kibadilishe, kwani ni cha bei ndogo na hupatikana kirahisi. Kikitoa volti mbili au tatu huku kikiwa cha moto kiasi cha kutogusika, kosa si lake. Mbele yake kuna kitu kinachovuta umeme wote, mara nyingi kapasita iliyopiga shoti, na kukibadilisha chenyewe hakutasaidia.

Pawa saplai za ndani zinazopokea umeme wa ukutani ni suala jingine. Kapasita kubwa iliyomo hubeba zaidi ya volti 300 kwenye umeme wa volti 230, na huweza kuzishikilia kwa muda baada ya waya kuchomolewa. Mtu asiye na uzoefu na umeme wa ukutani abadilishe pawa saplai nzima, au ampe fundi.

Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, inastahili kufunguliwa hata kama inawaka. Ndani yake kuna kapasita ya kutunzia saa ambayo katika matoleo yote isipokuwa lile la mwisho, linalojulikana kama 1.6, huvuja na kula njia za shaba zilizo chini yake. Mashine za matoleo hayo yanayovuja huendesha michezo bila kapasita hiyo. Itakachokosa ni kukumbuka saa baada ya kuchomolewa ukutani. Ing'oe, safisha bodi kwa spiriti, na uangalie kama njia zilizokuwa karibu nayo zimekatika. Xbox ambayo imeanza kujiwasha yenyewe, au kukataa kuwaka kwa kitufe, mara nyingi imekwisha kuliwa mahali hapo.

Dalili: taa inawaka lakini skrini ni nyeusi, au taa inapepesa

Ondoa televisheni kwenye orodha ya washukiwa kabla ya kugusa bisibisi. Mashine iliyounganishwa kwa waya wa antena hutaka televisheni itafutwe kwenye chaneli maalumu: 3 au 4 kwa zile za Marekani, na mara nyingi karibu na 36 kwa zile za Ulaya. Nintendo 64 nayo ina mfuniko mdogo mbele, na chini yake kuna kipande cha kumbukumbu ambacho lazima kiwepo, ama kile kifupi kilichokuja na mashine au kile kirefu cha kuongezea uwezo. Bila kipande chochote hapo, taa nyekundu huwaka na picha haiji. Mtoto aliyekitoa zamani kwa udadisi ameshatosha kuifanya mashine nzima iwekwe kwenye fungu la vifu.

Zaidi ya hayo, katika mashine za kaseti, kisa kikubwa ni uchafu kwenye meno ya shaba, yaani vile vidole vya dhahabu au kijivu vilivyo kwenye ukingo wa bodi ya kaseti. Kupuliza kwa mdomo, desturi ambayo karibu kila mchezaji wa enzi ile aliirithi, hupeleka unyevu kwenye shaba, na Nintendo wenyewe waliwaonya wateja wasifanye hivyo. Kaseti ilionekana kupona kwa sababu kuitoa na kuirudisha kuliyasugua meno yakapata mahali papya pa kugusa. Njia ifaayo ni kuchovya kijiti cha pamba katika spiriti na kukisugua kwenye meno kufuata urefu wake. Kijiti cha kwanza kitatoka cheusi, cha pili kijivu, na wakati mwingine inafika cha sita au cha saba kabla pamba haijabaki nyeupe. Kisha acha kaseti dakika chache ikauke. Kifutio cha penseli husafisha, ila hula dhahabu na kuacha unga unaoingia kwenye mashine. Nakitumia pale tu spiriti inaposhindwa, na kwa mkono mwepesi.

NES inahitaji maelezo ya ziada kwa kuwa dalili yake hupotosha. Ndani yake kuna chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu mwenzake iliyo ndani ya kaseti, na zisipoelewana, mashine hujianzisha upya karibu kila sekunde, ndiyo maana taa nyekundu hupepesa na skrini huwaka na kuzima. Mwenye mashine hudhani bodi imekufa, kumbe zimeshindwa kuzungumza kwa sababu ya mgusano mbaya, na mgusano huo uko kwenye kiunganishi cha pini 72 kilicho ndani kabisa, ambacho pini zake hulegea kwa kuwa kaseti huingizwa na kisha kubonyezwa chini. Watu wengi hukimbilia kununua kiunganishi kipya. Vipya vya bei nafuu hubana mno, kiasi kwamba kaseti huvutwa kwa nguvu za mikono miwili, na havidumu. Ushauri wangu ni kukitoa kile cha asili, kukichemsha katika maji safi dakika kadhaa, kukikausha kwa siku nzima mahali penye hewa, na kuziinua kidogo kwa sindano zile pini zilizolala. Kiunganishi cha miaka 30 na zaidi nilichokitendea hivyo kilianza kushika kaseti kwa ulaini ambao sikuwahi kuupata kwenye kile cha kununua. Iwapo kupepesa kunaendelea hata baada ya hapo, na kaseti imethibitishwa kuwa nzima kwenye mashine nyingine, mafundi huinua mguu wa 4 wa chipu ya ulinzi ili iache kuingilia kati. Famicom haikuwa na chipu hiyo, hivyo taa inayopepesa si dalili yake.

Dalili: picha imefifia, ina mistari au haina rangi

Picha nyeusi na nyeupe mara nyingi si ubovu. Mashine ya Marekani au Japani hutuma rangi kwa mfumo wa NTSC, na televisheni ya zamani inayojua PAL, mfumo wa Ulaya, peke yake huionyesha bila rangi au ikiviringika. Televisheni mpya nazo zina ukaidi wao: baadhi hukataa mawimbi ya mistari 240 yaliyotumwa na mashine za kaseti, zikiandika kwamba hakuna ishara. Jaribu mashine kwenye televisheni ya pili kabla ya kuhukumu.

Game Boy ya mwaka 1989 hupoteza mistari ya wima kwenye kioo chake. Sababu ni utepe wa waya ulio chini ya kioo, ambao umebandikwa kwa joto na sasa umeanza kubanduka. Fungua kioo, washa mashine, na upitishe ncha ya chuma cha kulehemu taratibu juu ya ukingo wa utepe pale ulipo mstari uliokosekana. Utaona mstari ukirudi mbele ya macho yako. Joto liwe dogo, na ncha isikae mahali pamoja. Mistari ya mlalo iliyopotea ni migumu zaidi kurudisha, na katika hali hiyo huwa nashauri kioo kibadilishwe.

Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega, ndiyo mgonjwa ninayemtarajia katika kila mkusanyo. Sauti hupungua kwanza, kisha picha hufifia mpaka ionekane kwa kuinamisha mashine pembeni, na mwishoni haiwaki kabisa au huwaka sekunde moja na kuzima. Karibu kila mara sababu ni kapasita ndogo za umajimaji zilizobandikwa juu ya bodi, ambazo zimevuja. Utazitambua kabla ya kupima chochote: lehemu iliyo miguuni mwake imepoteza mng'ao na kuwa kijivu, bodi inayozizunguka ina unyevu wa mafutamafuta, na ukizigusa kwa chuma cha moto hutoa harufu ya samaki aliyeoza. Zibadilishwe zote kwa pamoja, kwani iliyobaki nzima leo itavuja mwakani. Hatari kubwa hapa si kapasita bali vibati vya shaba vilivyo chini yake, ambavyo umajimaji umevidhoofisha na huinuka pamoja na kapasita ukiivuta kwa nguvu. Ongeza lehemu mpya kwenye miguu yote miwili, pasha moto upande huu na upande huu kwa kubadilishana au kwa vyuma viwili, na ungoje kapasita iteleze yenyewe. Osha bodi kwa spiriti mpaka mafuta yaishe, kisha uweke mpya ukizingatia upande wa hasi, ambao kwenye kapasita za bati huonyeshwa kwa alama nyeusi juu ya kichwa.

Dalili: diski inazunguka lakini haisomwi

Anza na diski yenyewe. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni haina madhara makubwa, lakini ile ya mviringo inayofuata mzunguko wa diski ndiyo inayokata data. Inua diski mbele ya taa: vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga ni dalili kwamba tabaka la kuakisi limeharibika, na hakuna king'arishi kitakachovirudisha. Upande wa maandishi wa CD ndio mwembamba, hivyo mkwaruzo wa juu ni mbaya kuliko wa chini, kinyume cha wanavyodhani wengi.

Diski ikiwa nzima, safisha lenzi kwa kijiti chenye spiriti kidogo sana, bila kukandamiza. Kisha tazama reli ambazo leza hutelezea: grisi ya zamani hukauka na kuwa kama nta, na leza isiyoweza kusogea husoma mwanzo wa diski na kukwama. Ifute, upake mpya kidogo. PlayStation za mwanzo zilikuwa na shida ya pekee, kwa kuwa leza yake ilikaa karibu na pawa saplai, sehemu za plastiki zikalika kwa joto, na leza ikapoteza usawa. Ndiyo sababu ya wenye nazo kuzilaza ubavu au kuzigeuza juu chini ili zisome. Matoleo ya baadaye yaliihamisha leza mbali na joto. PlayStation inayocheza ikiwa imegeuzwa inahitaji kitengo kipya cha leza.

Kwa PlayStation 2 kuna kipimo rahisi ambacho hutumiwa na wachache. Baadhi ya michezo yake iko kwenye CD zenye mgongo wa buluu, na mingine kwenye DVD za rangi ya fedha, na kila aina husomwa kwa leza yake. Mashine inayosoma moja na kukataa nyingine haina tatizo la injini wala la reli. Leza ya upande mmoja imechoka. Wengi hukimbilia skrubu ndogo ya kuongezea nguvu ya leza. Inaweza kusaidia kwa miezi kadhaa, ila inaifupishia leza uhai, na asiyepima ukinzani kabla ya kuizungusha hatakuwa na namba ya kurudia. Ningependa iwe hatua ya mwisho, na kwa mashine ya kuuzwa isifanywe kabisa.

Dalili: mashine inajizima au inajianzisha upya

Vumbi na feni huja kwanza, na hazihitaji maneno mengi: safisha, badilisha mafuta ya kupitishia joto yaliyokauka juu ya chipu, jaribu tena. Dreamcast inayorudi mwanzo katikati ya mchezo haina joto kwa kawaida, bali ina pini chafu zinazounganisha pawa saplai na bodi kuu. Inua pawa saplai, safisha pini hizo kwa spiriti, uirudishe, na katika visa vingi tatizo litakoma.

Xbox 360 inajieleza kwa duara la taa lililogawanywa robo nne kuzunguka kitufe cha kuwashia. Robo nne zikiwaka nyekundu, waya wa picha haujashika. Robo mbili ni joto kupita kiasi. Robo tatu, yaani kasoro ya ndani ya mashine, ndizo zilizowafanya Microsoft, Julai 2007, waongeze dhamana yake kufikia miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Mashine za robo tatu, pamoja na PlayStation 3 za mwanzo zinazoonyesha taa ya njano, hutengenezwa na wengine kwa kuipasha bodi moto. Hufufuka, kisha hufa tena baada ya wiki au miezi, na aliyeinunua katikati ya vifo hivyo viwili ana haki ya kulalamika.

Dalili: mchezo hauhifadhiki

Kaseti nyingi zilihifadhi maendeleo kwa betri bapa ya duara ya volti 3. Ikishuka, kumbukumbu hufutika kila unapozima. Betri hizi zimechomelewa vibati, na haifai kulehemu moja kwa moja juu ya betri tupu, kwa sababu joto huweza kuipasua. Nunua iliyokwisha kuwa na vibati. Kuitoa kunafuta kilichomo, hivyo anayetaka kutunza maendeleo ayanakili kwanza kwa kifaa cha kusomea kaseti. Pokémon Gold na Silver humaliza betri mapema kwa kuwa inaendesha saa pia. Ruby na Sapphire, kinyume chake, huhifadhi bila betri, na ujumbe unaosema betri imekwisha unahusu saa peke yake.

Saturn ina betri ya CR2032 nyuma, chini ya mfuniko unaofunguka kwa kidole. Dreamcast inatumia inayofanana nayo kwa umbo, lakini yenye kuchajika. Usiweke CR2032 ya kawaida mahali pale, kwa sababu mashine itajaribu kuichaji, na betri isiyochajika ikilazimishwa huvimba au kuvuja.

Dalili: pedi haiitiki

Hapa kazi ni fupi. Vitufe vikigoma, safisha mpira mweusi ulio chini yake na sehemu ya bodi ambayo mpira huo huigusa. Kijiti cha Nintendo 64 kikilegea, plastiki imesagana na unga mweupe utauona ndani. Bakuli la plastiki ambamo kijiti huzungukia libadilishwe. Dreamcast ikikataa pedi zote kwa pamoja, washuku fyuzi ya matundu ya pedi, ambayo hukatika pedi zikichomekwa mashine ikiwa inawaka.

Kugawa mafungu na kuondoa

Baada ya kupima, mkusanyo utajigawa wenyewe katika mafungu matatu: zinazofanya kazi, zenye ubovu unaojulikana, na zenye ubovu usiojulikana. Fungu la pili lina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwani fundi hununua kwa furaha Game Gear iliyoandikwa kwamba kapasita zimevuja, lakini huikwepa ileile ikiandikwa kwamba haijajaribiwa. Fungu la tatu liuzwe kama vipuri. Usitumie fedha kuipa mashine gamba jeupe. Plastiki iliyogeuka njano hurudishwa rangi kwa peroksidi ya hidrojeni na mwanga, lakini mnunuzi makini hupendelea aifanye mwenyewe, na kazi isiyo sawa huacha mabaka.

Mashine za miaka ya 2000 na kuendelea hubeba habari za mtu: akaunti, kadi za malipo, picha. Futa akaunti na kurudisha mipangilio ya kiwandani kabla ya kukabidhi, ila kwanza angalia ni michezo gani iliyonunuliwa kwa mtandao. Duka la mtandaoni la Wii lilifungwa Januari 2019, na Machi 2023 yale ya Wii U na 3DS yaliacha kuuza, kwa hiyo kuna michezo ambayo ikifutwa kwenye mashine hakuna mahali pa kuinunua upya. Mimi ningeiweka kando mashine ya namna hiyo na kuondoa nyingine.

Betri za lithiamu zilizovimba, hasa za PSP, mashine ya mkononi ya Sony, ambazo husukuma mfuniko wake mpaka usifunge, zisitobolewe wala zisitupwe kwenye taka za nyumbani. Funika ncha zake kwa utepe, uziweke kwenye chombo kisichoshika moto, na uzipeleke zinakopokelewa betri. Televisheni za kioo kinene zisifunguliwe, maana ndani yake hubaki umeme wa maelfu ya volti.

Zinazobaki zipakiwe bila betri ndani na bila diski kwenye trei, na kipande cha kumbukumbu cha Nintendo 64 kikiwa mahali pake. Kila adapta ifungwe kwa utepe kwenye mashine yake, na juu ya utepe huo yaandikwe kwa wino usiofutika jina la mashine, volti, aina ya mkondo na upande wa chanya.